Tangi la Samaki la Bwana Lusungu

Fundi akiitwa ghafla hukimbia na sanduku lake la zana, na hilo ndilo kosa pekee alilofanya Mwishehe Jumamosi ile. Badru, mlinzi wa Bwana Lusungu, alishuka bondeni mbio mpaka kiatu kimoja kikabaki njiani, akamkuta Mwishehe yuko uani anakula ugali.

"Fundi, unaitwa juu," alisema akihema. "Bahari imeingia sebuleni."

Mwishehe hakunawa mkono sawasawa. Alinyakua sanduku akakipanda kile kilima cha Kimara ambacho hata mbuzi hufikiria mara mbili kabla ya kukipanda. Ulikuwa mwaka wa tisini na nne, mwaka wa mgao. Mishahara ilichelewa, mabasi yalichelewa, maji ya bomba yalichelewa mpaka watu wakasahau yana rangi gani. Kitu kimoja tu kilikuwa kinafika kwa wakati, nacho ni kukatika kwa umeme. Saa nane kamili mchana, zamu ya Kimara, feni zote za kilimani zilisimama kwa pamoja kama askari walioambiwa wasimame.

Sebuleni kwa Bwana Lusungu walikuwamo wageni kumi na wanane, watu wa kanisani waliokuja kubariki nyumba mpya. Wote walikuwa wamepandisha miguu juu ya viti kama kuku waliovamiwa na siafu, sahani za pilau magotini, mchungaji kashika viatu vyake mkononi. Chini, zulia la Dubai lilikuwa limekunywa maji mpaka limevimba. Na juu ya kabati lake, katika tangi la kioo refu kama jeneza la mtu mrefu, samaki wa njano walikuwa wanawatazama watu kwa mshangao.

"Kazi yako hii," alisema Bwana Lusungu. Hakupandisha sauti. Alikuwa mtu mnene, zamani ofisa wa shirika la umma, siku hizi mwagizaji wa televisheni, na ghadhabu yake ilikaa mashavuni.

Mwishehe alipiga magoti, akafungua mlango wa kabati. Ndani yake mlikuwa na tangi la pili, dogo, lile la chini. Lilikuwa limejaa mpaka mdomoni, na ukingo wake ulikuwa bado unatiririka. Alipapasa kioo kwa nje akitafuta kitu. Hakukiona.

"Mzee, hapa kuna mtu kagusa. Mie niliweka—"

"Nyamaza. Futa maji kwanza."

"Nipeni tambara."

"Vua shati."

Mgeni mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Mwishehe alivua shati. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, na mbavu zake zilihesabika kutoka mlangoni. Alifuta, akakamua kwenye ndoo, akafuta tena, akipita chini ya viti, chini ya nyayo za wageni ambao hakuna hata mmoja aliyesogea. Baadaye alitokea mwanamke kutoka jikoni na tambara jingine, akapiga magoti kando yake. Alikuwa Zuena, mkewe, aliyekuwa akiwafanyia kina Lusungu kazi za ndani tangu mwaka jana. Hakumtazama mumewe, wala mumewe hakumtazama.

"Zuena, mwoneshe huyo fundi wako namna ya kukamua," alisema Mama Brightson, mke wa Lusungu, kutoka juu ya kochi. "Anapapasa tu kama anatafuta hela."

Walifuta saa nzima. Zulia lilibebwa na wanaume wanne likaanikwa ukutani. Mwishehe alivaa shati lake bichi, akanyoosha mkono kuchukua sanduku lake la zana, akakuta kiatu cha Bwana Lusungu kiko juu ya kifuniko.

"Hili linabaki. Zulia likikauka bila doa, utalipata. Likiwa na doa, nitaliuza."

"Mzee, usifanye hivyo. Jumatatu saa moja asubuhi natakiwa Mabibo, kwenye zahanati mpya. Mabomba yote ya pale nimepewa mie. Kazi ya miezi mitatu, mzee. Mashine yangu ya kukatia uzi wa bomba imo humo, na bila uzi bomba haliungiki. Nisipofika nayo, kuna mafundi wanne wamekaa pale getini wanaomba niumwe."

"Utakata uzi kwa meno," alisema Bwana Lusungu, na safari hii yule mgeni alicheka waziwazi.

&nbsp;

Zuena alishuka bondeni jua likiwa bado juu, ndoo ya maji kichwani na mfuko wa rambo mkononi. Kila siku alitoka na ndoo mbili za maji kutoka kwenye mapipa ya Lusungu, safari mbili. Hiyo ilikuwa sehemu ya ujira wake, na kusema kweli ndiyo sehemu iliyomweka pale. Bomba la bondeni lilikuwa moja kwa nyumba mia moja na ushee, na watu walisimulia kwamba kuna mzee mmoja alipanga foleni akiwa kijana.

Aliweka mfuko mbele ya mumewe. Ndani mlikuwa na pilau, makombo ya wageni.

"Kula, baba Munira."

"Mie sili chakula cha watu walionivua shati."

"Shati walikuvua wao, pilau nimepika mie."

Mwishehe hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mikono imening'inia katikati ya magoti. Mikono ya fundi isiyo na sanduku ilionekana mirefu kupita kiasi, kama ya kuazima.

"Nisikilize," alisema. "Unajua tangi lile linavyofanya kazi?"

"Ningejulia wapi? Mie najua kulipangusa vumbi."

Basi akamweleza, akichora kwa kijiti mchangani, kwa hasira, kana kwamba ni yeye aliyemvua shati. Maji ya tangi la juu yakifika ukingoni hushuka kwa bomba moja mpaka tangi la chini. Kule yanachujwa uchafu, halafu pampu ya umeme inayarudisha juu kwa bomba la pili. Mzunguko, kutwa kucha. Umeme ukikatika, pampu inasimama, lakini maji hayana habari ya mgao. Yale yaliyo ukingoni yanaendelea kushuka.

"Yanashuka mangapi?"

"Ndoo mbili na nusu. Nilipima. Kwa hiyo tangi la chini haliruhusiwi kujaa. Lazima libaki na nafasi ya ndoo mbili na nusu, ili umeme ukikatika yapate pa kukaa. Nikapiga mstari kwenye kioo kwa rangi nyekundu. Maji yaishie hapa. Leo nafungua kabati, mstari hakuna, maji mdomoni. Mstari wangu kafuta nani?"

Zuena alikaa chini polepole. "Mie nilifuta."

"Wewe?"

"Jumatano. Mama alisema kuna uchafu mwekundu kwenye kioo na wageni wanakuja. Nikasugua kwa mafuta ya taa na wembe. Aliniambia nisugue, nikasugua. Hakuna mtu aliyeniambia ule ni mstari."

Mwishehe alitikisa kichwa. Hakuweza kumlaumu, mstari ule alikuwa kamweleza Lusungu, na Lusungu alikuwa kaitika huku anaongea kwenye simu.

"Na hilo siyo lote," alisema. "Hata bomba linalorudisha maji lina ujanja wake. Mdomo wake umezama ndani ya tangi la juu, karibu nusu. Pampu ikisimama, bomba hilo linageuka mpira wa kunyonyea mafuta ya taa kwenye pipa. Umewahi kuona wanavyonyonya? Ukishaanza hauachi, unanyonya mpaka mdomo wa mpira uone hewa. Lingeshusha nusu ya tangi zima. Basi nikatoboa kitundu kwenye bomba, kidogo, chini kidogo ya uso wa maji. Maji yakishuka kidole kimoja tu, kitundu kinaona hewa, kinaivuta, bomba linakata pumzi, basi. Yule shemeji yake Lusungu, Injinia Ansbert, akanicheka mbele ya watu. Akasema bomba lenye tundu ni bomba bovu. Injinia wa barabara yule. Nilitaka kumweleza, akaniambia nikamalize chai yangu nje."

Alitupa kijiti. "Leo kitundu kimefanya kazi. Kisingefanya, wageni wangeogelea. Kilichomwagika ni ndoo mbili na nusu, kwa sababu kuna mtu kajaza tangi la chini. Nani kajaza, mama Munira? Wewe unashinda mle ndani."

"Sijui," alisema Zuena, akainuka kwenda kuchochea moto ambao haukuwa umewashwa.

Alijua. Alikuwa kajua tangu kijiti kilipogusa ndoo mbili na nusu mchangani. Ijumaa jioni maji yalikuwa yametoka, baada ya siku kumi na moja. Yalikohoa kwanza kwenye bomba la uani, yakatema kutu, yakaanza kuja membamba kama uzi, na nyumba nzima ikapigwa na kichaa kile ambacho kila mtu wa Kimara anakifahamu. Mama Brightson alisimama koridoni na kanga kifuani akitoa amri. Jaza kila chombo, Zuena. Sitaki kuona kitu kitupu nyumba hii. Zuena alijaza mapipa, madebe, ndoo, masufuria, beseni la kufulia, birika, chupa za juisi, mpaka kopo la miswaki. Alipokuwa akipita sebuleni na ndoo ya mwisho, alikuta mlango wa kabati uko wazi, na ndani yake chombo cha kioo, safi, nusu tupu. Hakufikiri. Mkono ulioshika ndoo ya maji, mwaka ule, Kimara ile, haukuweza kupita kando ya chombo nusu tupu ukakiacha. Akamimina, akarudi, akaongeza nyingine, mpaka mdomoni. Alijisikia vizuri. Aliona kafanya na la ziada.

Mwishehe alikuwa bado anasema. "Kesho naenda. Naenda nawaonesha kwa macho yao. Nikimpata aliyejaza, namtaja mbele ya bosi wake, na sanduku langu natoka nalo. Hata awe nani."

"Hata awe nani," alirudia Zuena akiwa ameinamia mafiga.

&nbsp;

Jumapili, saa saba na robo, Badru hakutaka kufungua geti.

"Bosi kasema usiingie, fundi. Mie nitakuwa na kosa gani nikilinda kazi yangu?"

"Kamwambie nimekuja kuzuia lisimwagike tena leo. Saa nane siyo mbali."

Hilo lilimfungulia. Sebuleni hapakuwa na zulia, bali makatoni ya televisheni, ishirini na mawili, yaliyoteremshwa asubuhi ile na kupangwa sakafuni kwa sababu stoo ilikuwa imejaa. Bwana Lusungu alikuwa na suruali ya kanisani na soksi. Injinia Ansbert, shemeji yake, alikuwa amejinyoosha kwenye kochi na bia. Mama Brightson alikuwa anajipepea kwa kitabu cha nyimbo. Zuena, ambaye hata Jumapili alikuja, alisimama mlangoni kwa jikoni na sinia mkononi.

"Shikamoo mzee," alisema Mwishehe.

"Zulia lina doa," alijibu Bwana Lusungu.

Mwishehe alimeza hilo. Aliomba ndoo, akapunguza maji ya tangi la chini, akapiga mstari mpya kwa kipande cha chaki. Kisha akamwomba Badru azime swichi kubwa ukutani. Feni ilisimama. Pampu ilinyamaza. Maji yalishuka kutoka tangi la juu, yakaukaribia mstari, yakaupita, yakapanda, na Mama Brightson akaacha kujipepea. Juu kukasikika mlio mdogo, kama mtu anayenyonya uboho wa mfupa. Maji ya chini yakasimama, vidole viwili kabla ya ukingo. Sakafu ilikuwa kavu.

"Hivyo ndivyo nilivyolifunga," alisema Mwishehe. "Huo mlio mliousikia ni kile kitundu kwenye bomba. Kinafanya hivi—"

"Sitaki darasa," alisema Bwana Lusungu. "Sikukuita kunisomesha. Mbona jana lilimwagika?"

"Jana lilikuwa limejazwa. Kuna mtu alijaza tangi la chini mpaka juu. Nafasi niliyoiacha ikaliwa. Ukinipa huyo mtu, mzee, utajua anayedaiwa zulia siyo mie."

Badru aliwasha swichi. Feni ikaanza kuzunguka, na katika upepo wake wote walisikia Mama Brightson akisema, bila haraka, "Si mkewe."

Mwishehe aligeuka.

"Mie nilimwona Ijumaa na ndoo hapo kabatini," alisema Mama Brightson. "Nikajua ni mambo yenu mmepanga. Muulize."

Hakuhitaji kumwuliza. Zuena alikuwa ameliweka lile sinia chini, taratibu.

Injinia Ansbert alicheka mpaka bia ikamtoka puani. "Fundi kaja kukamata mwizi, kamkuta kitandani kwake."

"Basi hesabu imekwisha," alisema Bwana Lusungu. "Mume kafunga, mke kamwaga. Sanduku linabaki kwangu. Na wewe Zuena kesho usije. Hata maji ya humu usiyaguse tena."

"Mama," alisema Zuena. Alisema na Mama Brightson, kana kwamba wanaume hawamo. "Nani aliniambia nijaze kila chombo?"

"Nilisema vyombo. Sikusema nyumba ya samaki."

"Ulisema hutaki kuona kitu kitupu nyumba hii. Maji yalipotoka safari iliyopita niliacha birika moja, ukanisimanga mbele ya wanao mpaka jioni. Ukasema sie watu wa bondeni hatujui thamani ya maji. Mie, mama. Mie ninayelala na ndoo mbili na watoto watatu. Mie ninayeoga kwa kikombe. Nikipangusa kioo hiki kila siku nawaona samaki wako wamekaa kwenye ndoo arobaini, nawapangusia wasione vumbi. Jumatano ukaniambia nifute uchafu mwekundu, nikafuta. Kumbe ule uchafu ndio ulikuwa akili ya mume wangu. Mlielezwa nyie, hamkuniambia mie, kwa sababu nani anamweleza kitu msichana wa kazi. Sasa mnamvua shati yeye na kunifukuza mie. Zulia linaanikwa juani, sie mnatuanika wapi?"

Bwana Lusungu alitazama saa ya ukutani kama mtu aliyechoshwa na hotuba. Mwishehe naye aliitazama. Ilikuwa saa nane kasoro dakika tatu.

Hasira ya Mwishehe, iliyokuwa ikihangaika tangu jana ikitafuta pa kutua, ilikuwa imemgusa mkewe kwa muda mfupi kama nzi, ikaruka. Sasa ilitua. Akasogea kwenye tangi, akakunja mkono wa shati.

"Naangalia bomba kidogo halafu naondoka," alisema. Akaingiza mkono ndani ya maji ya tangi la juu, samaki wakatawanyika, akaweka kidole gumba juu ya kitundu, akakibana.

"Fanya haraka," alisema Bwana Lusungu.

Saa nane kamili feni ilisimama.

Safari hii maji hayakukata pumzi. Yalishuka kwa mabomba yote mawili, yakaupita mstari wa chaki, yakajaza nafasi yote, yakafika ukingoni, yakapanda ukingo. Yalitoka kabatini kimyakimya, yakatambaa sakafuni moja kwa moja kuelekea makatoni, kana kwamba yameelekezwa.

"Washa," alifoka Bwana Lusungu. Badru alipandisha swichi, akashusha, akapandisha. Ilikuwa ni mgao. Hata angeing'oa ukutani, umeme usingerudi. Majenereta, Bwana Lusungu alikuwa ameyaleta kumi na mawili mwezi uliopita, akayauza yote, hata la kwake.

"Kuna nini hapo? Fundi, kuna nini?"

"Kile kitundu," alisema Mwishehe. Kipaji cha uso wake kilikuwa na jasho. "Injinia alisema kweli. Kimeharibika. Nimekiziba kwa kidole. Yanayotoka haya ni kidogo tu. Kidole hiki kikitoka hapa, tangi zima linashuka."

"Nilisema mimi," alisema Injinia Ansbert akiruka juu ya kochi na bia yake. "Nilisema bomba lenye tundu ni bomba bovu. Shemeji, usimguse. Hiyo ni presha."

Bwana Lusungu, ambaye alikuwa tayari kamshika Mwishehe bega, akamwachia kama kashika pasi ya moto. Mama Brightson alikuwa ananyanyua katoni la kwanza, gauni la kanisani limeingia majini. Katoni la pili lilikuwa limeanza kulainika chini.

"Zuena," aliita Bwana Lusungu. "Ni kweli anayosema?"

Zuena alikitazama kile kidole ndani ya kioo. Alikumbuka kijiti mchangani, pipa la mafuta ya taa, mpira unaoona hewa.

"Mie sijui mambo ya mabomba, bosi," alisema. "Mie najua kujaza tu."

"Badru, njoo ubebe," alilia Mama Brightson, na Badru akaja, lakini alibeba kama mtu mwenye kiatu kimoja.

"Lizibe basi. Tafuta kitu uzibe," alisema Bwana Lusungu.

"Nizibe kwa nini, mzee? Zana zangu ziko kwenye sanduku."

Maji yalifika kwenye soksi za Bwana Lusungu. Alitazama makatoni, akatazama kidole, akaondoka mbio kuelekea chumbani. Alirudi amelibeba sanduku mwenyewe, kwa mikono miwili, tumboni.

"Mpe mke wangu," alisema Mwishehe.

"Utalifikia vipi nikimpa yeye?"

"Mpe mke wangu. Mlangoni."

Zuena alilipokea, akaliweka kizingitini, akafungua kifuniko. Hakuharakisha. "Spana kubwa ipo. Spana ndogo ipo. Msumeno. Tupa, moja, mbili."

"Mashine ya uzi?"

"Subiri, kuna nguo imeifunika." Katoni la tatu lilizama upande mmoja. "Ipo."

Mwishehe alitoa kidole.

Ule mlio wa kunyonya ukasikika, mwembamba, wa sekunde chache. Bomba likakata pumzi. Maji yaliyokuwa yakimwagika kutoka kabatini yakapungua, yakawa matone, yakaacha. Wakasikia katoni likinywa. Katika tangi la juu samaki wa njano walikuwa wamebaki na maji nusu, ambayo yaliwatosha. Mwishehe alikuwa anajua tangu mwanzo kwamba mdomo wa bomba ulikuwa umeishia hapo.

Wa kwanza kuelewa alikuwa Injinia Ansbert. Alishuka kochini polepole, akakaa, akaitazama chupa yake.

"Kumbe," alisema Bwana Lusungu. Mashavu yake yalikuwa yanatetemeka. "Kumbe hicho kitundu ndicho..."

"Nilitaka kukueleza, mzee," alisema Mwishehe akikunjua mkono wa shati. "Ukasema hutaki darasa."

&nbsp;

Bondeni habari zilitangulia kabla yao, kama kawaida. Hata kabla hawajafika kwao walikuwa wameshasimuliwa kwamba papa ameonekana kilimani na kwamba mchungaji ameokolewa kwa mtumbwi. Mwishehe alikuwa amebeba sanduku begani. Walipofika uani kwao alimgeukia mkewe.

"Jana mbona hukuniambia?"

"Ulisema hata awe nani."

Mwishehe aliliweka sanduku ndani, chini ya kitanda, upande wa ukutani. Kesho saa kumi na moja alfajiri angeamka nalo kwenda Mabibo. Alipotoka alimkuta Zuena amesimama na ndoo mbili, zile zilizokuwa zinajaa kilimani. Zote zilikuwa tupu.

"Unakwenda wapi?"

"Kwenye foleni. Kule tumeshafukuzwa."

"Nakuja nawe."

"Njoo. Uje ujifunze na kusimama."

Kwenye bomba la bondeni, maji yalikuwa hayajaanza kutoka, na hakuna aliyejua kama yangetoka siku ile. Zuena aliweka ndoo zake nyuma ya nyingine. Mbele yake zilikuwapo sitini na nne. Alizihesabu mara mbili. Alikaa juu ya moja, Mwishehe akakaa juu ya nyingine, shati lake likiwa bado bichi mkononi mpaka kwenye kiwiko. Kule juu kilimani, mbele ya geti la Bwana Lusungu, waliona maji yakifagiliwa nje kwa ufagio, yakateremka barabarani yakimeta juani, kidogokidogo, mpaka yakawafikia karibu na miguu yao na kuzama mchangani.

"Ndoo ishirini zile," alisema Mwishehe.

Zuena aliyatazama mpaka mchanga ulipokauka. Kisha akasogeza ndoo yake mbele kidogo, maana aliyekuwa mbele yake amesogea.